Meno Sita na Fahali wa Mama Asteria

Wewe uliyenisoma Jumamosi iliyopita ukanionea huruma, rudisha huruma yako mfukoni. Nilikudanganya.

Nilisema kwamba mimi Bartholomeo, mpiga mnada wa ng'ombe kwa miaka kumi na tisa huku kwetu Kishapu, nilipigwa teke na fahali jioni ya mnada nikapoteza meno sita ya juu, ya mbele. Meno yalitoka kweli. Fahali hakuwepo.

Fahali alikuwa juu ya lori la George, mnunuzi wake, amefungwa kamba, ameshafika Maganzo, anacheua zake. Aliyenitoa meno ni Mwita, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Tarime. Alinitoa kwa ngumi moja tu, nyuma ya zizi, watu wakiwa wameshatawanyika.

Na alikuwa na sababu.

Siku ile mjane mmoja, Paskalina, sisi tunamwita Mama Asteria, alileta fahali wake mweusi. Alimuuza ili bintiye Asteria aende chuo cha uuguzi. Mwita akataja laki tisa. Nilimsikia. Ng'ombe wenyewe walimsikia. Lakini George, mwenye bucha tatu Maganzo, alikuwa amenipa elfu thelathini tangu asubuhi, "ya soda". Basi nikaigeuza shingo upande wa George, aliyetaja laki sita, nikapiga harakaharaka: mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, amekwenda!

Mama Asteria alikuwa kule langoni ameshika kamba ya mnyama wake. Kwa kelele zile hakusikia laki tisa wala laki nane. Akapokea laki sita zake, akaja mpaka nilipo, akaniambia asante.

Ndiyo. Asante.

Mwita akanisubiri nyuma ya zizi.

"Hukunisikia?"

"Sikio langu lina nta," nikamwambia.

"Basi ngoja nikuzibue."

Alilenga sikio, akapata mdomo. Watu walipokuja mbio walinikuta nimepiga magoti natema damu. Nani kakufanya hivi, nani? Ningesema Mwita, wangeuliza kwa nini. Nikanyoosha kidole kwenye zizi.

"Ng'ombe."

Mwita alishadandia pikipiki akatokomea. Ng'ombe hana wakili. Na kwa kuwa fahali wa siku ile alikuwa mmoja tu, kijiji kizima kikaamini ni yule mweusi.

Hapo ndipo tulipo. Sasa sikiliza mtu mzima alivyojidhalilisha.

Wiki ya tatu fizi zilipopoa kidogo nikarudi kushika kipaza sauti.

Hujui meno ya mbele yana kazi gani mpaka upige mnada bila hayo. Nilifungua mdomo kwa madaha yangu yaleyale ya miaka kumi na tisa, kikatoka hiki: "Laki thitha! Laki thitha na elhu thabini!"

Watu wakadhani natania. Wakacheka. Nikarudia. Wakacheka zaidi, na mate yangu yakamrukia karani kwenye daftari.

"Amesema sita au tisa?" akauliza mnunuzi mmoja.

"Tisa!" akasema muuzaji.

"Sita!" akasema mnunuzi, na ameshashika kamba.

Wakashikana mashati. Mzee Mabula, mwenyekiti wa kamati ya mnada, akaja akaninyang'anya kipaza sauti kama unavyomnyang'anya mlevi ufunguo wa pikipiki. Akampa Mwigulu, mwenzangu tuliyekuwa tukipokezana. Mwigulu ana meno thelathini na mawili na akili mbili. Siku hiyo zilitosha.

"Pumzika, Baba Nelly," Mzee Mabula akaniambia. "Ukipata meno, rudi. Usipopata, kuna kazi ya kushika geti."

Geti! Mimi!

Kesho yake nikaenda hospitali, Shinyanga mjini, kwa daktari wa meno. Nilikuta mama mmoja mdogo wa umbo, anaitwa Dokta Wema. Akanilaza kwenye kiti, akawasha taa yake.

"Nini kilikupata, baba?"

"Ng'ombe."

"Teke?"

"Teke."

Akachungulia.

"Ng'ombe huyo ana shabaha," akasema.

Nikajifanya sikusikia. Kutosikia ndiyo fani yangu.

Akanieleza. "Kuna meno ya kupandikiza kwenye mfupa. Hayo nisikutajie bei, utazimia."

"Nitajie."

"Zaidi ya milioni mbili."

"Yote thitha?"

"Jino moja."

Nikashika mkono wa kiti.

"Kuna ya kushikizwa kwenye meno ya jirani," akaendelea. "Ila majirani zako tumbaku imeshawamaliza, hawawezi kubeba mtu. Kwa hiyo yako ni haya ya kuvaa na kuvua, ya plastiki ngumu. Wanayavaa watu wengi kuliko unavyodhani, hata hapo nje ya dirisha. Jino moja elfu sitini. Kuna kisiki cha kung'oa, kuna fizi za kusafisha, kuna kipimo. Weka laki nne na nusu."

Nikamtolea kadi yangu ya bima.

"Kadi hii inang'oa," akasema. "Hairudishi."

"Bathi punguza, daktari."

"Bei sipunguzi, napunguza meno. Naweza kukuwekea manne ya katikati kwanza, mengine ukipata. Au lipa kidogo kidogo. Kila mwezi unaleta ulichonacho, ukifika nusu nachukua kipimo, ukimaliza unavaa. Hata hivyo fizi zako zinahitaji wiki kadhaa zipone. Una muda. Wakulima wanalipa hivyo, walimu wanalipa hivyo."

Ushauri mzuri kuliko huo sijapata kupewa. Ningeufuata, leo nisingekuwa na cha kukuandikia. Lakini mimi ni mtu wa mnada. Nimezoea kitu kinatajwa bei, kinakwenda. Kulipa kidogo kidogo nikaona ni mambo ya watu wasio na watu.

Mimi nina watu, nikajiambia. Nikaanza na George.

Nilimkuta Maganzo kwenye bucha yake ya barabarani, amekalia kiti cha plastiki, anachokonoa meno yake kwa njiti. Yote anayo.

"George, ndugu yangu. Haya meno yametoka kwa ajili ya biathara yako."

"Si yametoka kwa ng'ombe?"

Nikamsogelea. Nikamweleza kwa sauti ya chini habari ya Mwita na ngumi. Akasikiliza mpaka mwisho, hakuacha kuchokonoa.

"Sasa mimi nafanyaje?"

"Laki nne na nuthu tu."

"Nilikulipa."

"Elhu thelathini!"

"Ndiyo bei uliyojiuzia. Kwani nilikupunja? Wewe ni mpiga mnada, ungetaja nyingine." Akamgeukia mkataji wake. "Mkatie huyu mzee maini nusu kilo. Ni laini." Kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Na usirudi hapa kunitajia mambo ya Mama Asteria. Mimi nimenunua mnadani, hadharani, risiti ninayo. Aliyesema amekwenda ni wewe."

Elfu thelathini niliuza sikio. Mdomo ukanigharimu laki nne na nusu. Mtu wa hesabu kama mimi!

Maini nilichukua. Na hilo nalo lijue.

Mtu wangu wa pili ni mdogo wangu Theonest, yuko Nyarugusu mwaka wa nane anatafuta dhahabu. Kila Krismasi hutuma ujumbe: "Tumekaribia mwamba." Mama yetu alikufa akisubiri huo mwamba.

Nikapanda basi mpaka Geita, nikaunganisha mpaka Nyarugusu. Nikamkuta kwenye duara lao, ndivyo wanavyoita mashimo yao ya kuchimba, amejaa vumbi jeupe kama mtu aliyelala kwenye gunia la unga. Akatabasamu. Jino moja la mbele limevikwa dhahabu, linawaka. Miguuni hana viatu.

"Kaka! Shikamoo!"

"Marahaba. Hilo jino uliliweka kwa hela gani?"

"Tulipiga kidogo mwaka juzi."

"Mama alikuwa anaumwa mwaka juzi."

Akatazama miguu yake. Sikuendelea kumsuta, maana mwaka juzi hata mimi sikutuma kitu.

Hela hakuwa nayo. Alikuwa na mtu. Mtu mwenyewe anaitwa Eliya, fundi meno, ana meza pembeni ya njia ya kwenda kwenye mialo, wanakooshea dhahabu. Juu ya meza pana bakuli la supu lililojaa meno.

"Sita kwa elfu themanini," akasema Eliya. "Nayagundisha sasa hivi, jioni unakula nyama."

Akachagua kipande kwenye bakuli, akakipangusa kwa shati, akakileta mdomoni kwangu. Nikamshika mkono.

"Haya yalikuwa ya nani?"

"Ya mteja."

"Yuko wapi?"

"Alihama."

"Akaacha meno?"

Theonest akamtetea. Akasema Eliya ni mtu safi, amewatengeneza wengi. Nikaangalia wale wengi waliokuwa wamesimama pale: mmoja shavu limevimba, mwingine anaongea na kiganja mdomoni ili yasidondoke. Nikaondoka.

Mdogo wangu akaona aibu, akanipa mfuko mmoja wa mawe yake. Tukaubeba mpaka kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe. Tukasaga, tukaosha, tukapima. Nilipomlipa mwenye mashine, na mwoshaji, na mpimaji, nikabaki na elfu kumi na tisa. Nauli ya kurudi nikaongezea yangu.

Nililala njiani na njaa. Kituoni waliuza mishikaki. Ningeifanya nini?

Nilipofika nyumbani, mke wangu Bernadina alinipokea mlangoni anacheka, jambo ambalo hakulifanya tangu nivimbe mdomo.

"Baba Nelly, Mungu kasikia! Kamati imekaa jana. Meno yako yatalipwa yote."

Nikaweka mfuko chini. "Na nani?"

"Na mwenye fahali."

"George?"

"George wapi! George ana risiti. Mzee Mabula kasema mnyama ni wa muuzaji mpaka avuke geti, na fahali alikupiga kabla hajavuka. Kwa hiyo atakayelipa ni Mama Asteria."

Nikakaa kwenye kizingiti.

Unaelewa? Mjane niliyemwibia laki tatu mchana kweupe, sasa aninunulie meno.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Bernadina alikuwa mbele yangu, nyumba ya Mzee Mabula iko hatua mia mbili. Mdomo ulikuwa wazi, wala hapakuwa na meno ya kuuzuia ulimi. Nikaufungua, nikasema:

"Atalipa lini?"

Hivyo ndivyo nilivyo. Bernadina akanieleza kwamba kamati imeamua hela isipite mkononi mwangu, eti nisije nikainywa. Mama Asteria atakwenda na mimi mpaka kwa daktari, alipe mwenyewe. Nikakasirika. Nilijiona nimevunjiwa heshima! Mwizi analalamika kwamba haaminiki.

Alhamisi asubuhi, siku ya safari, Mama Asteria akaja. Nilimsikia uani kabla sijamwona, akisalimia kwa Kisukuma chetu.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, mayu. Thikamoo."

"Marahaba, baba."

Nikamsogezea kiti, akakikataa, akakaa kwenye kigoda. Alikuwa na kuku chini ya kwapa, akampa Bernadina. Kisha akaniangalia mdomoni, macho yakamjaa machozi.

"Baba Nelly, nimekuja kuomba msamaha kabla ya kulipa. Kulipa ni kwa kamati. Msamaha ni kwako."

"Ng'ombe ni ng'ombe, mayu."

"Yule sikumjua kwa ukali. Mama yake alikufa yeye akiwa na siku nne, nikamlea kwa chupa. Wajukuu walikuwa wanampanda mgongoni. Nimelala nikijiuliza, ni shetani gani alimwingia siku ile?"

Bernadina akaacha kufunga kuku miguu.

"Umepata wapi hela, mama?" akauliza.

"Nimeuza mbuzi sita. Na zile za fahali nilikuwa sijazigusa, nilizitunza kwa ajili ya chuo. Hazikuwa zimetimia, nilikuwa nangoja nipate laki tatu nyingine." Akatabasamu. "Asteria atasubiri mwakani. Chuo hakihami."

Laki tatu nyingine. Alizitaja vilevile, kwenye kigoda changu, na kuku wake uani kwangu.

Nikaenda chumbani kuchukua koti. Bernadina akanifuata, akafunga mlango.

"Baba Nelly. Lori la George lilipita hapa saa kumi. Nilikuwa naanika mtama, nilimwona yule fahali mweusi juu yake. Wewe uliletwa saa kumi na mbili."

"Thatha?"

"Sasa alikupigaje?"

"Wewe kazi yako kuhethabu malori?"

Alinitazama kama unavyotazama sufuria uliyodhani ni nzima, kumbe inavuja. Akatoka. Nilipopita uani, yule kuku alikuwa ameshafunguliwa kamba, na Bernadina alikuwa anamrudisha kwapani kwa Mama Asteria.

"Mama, chukua kuku wako. Tafadhali. Utakuja kunielewa."

Mama Asteria hakuelewa. Mimi nilielewa, nikatembea haraka kwenda barabarani.

Kwa Dokta Wema tulikuta foleni fupi. Kisiki nilikuwa nimeshang'olewa kwa kadi, fizi zimepona. Akatuingiza wote wawili. Mama Asteria akakaa kwenye benchi la ukutani, akafungua pindo la kanga, akatoa noti zilizokunjwa vidogo vidogo, akaziweka mezani.

"Hizi zote kwa pamoja, daktari. Nisirudi tena."

"Wewe ni nani wake, mama?"

"Mimi ni mwenye ng'ombe."

Dokta Wema akanitazama. Nikatazama dari.

Akakoroga unga wa waridi na maji mpaka ukawa mzito kama uji wa mgonjwa, akaujaza kwenye kijiko kipana cha chuma chenye umbo la taya, akanisukumia mdomoni. Ukanijaa mpaka kooni.

"Pumua kwa pua. Usiongee, usimeze, usitikise kichwa. Dakika tatu ukauke."

Hapo ndipo mlango ulipogongwa.

Akaingia Dokta Abel wa chumba cha vidonda, ana glovu zenye damu, mkononi kibakuli cha chuma.

"Samahani, Wema. Nina mgonjwa wa mkono. Wiki ya saba kidonda kinafunga, kinafunguka, kinatoa usaha. Anajitibu kwa majani na vidonge vya dukani. Nimekifungua sasa hivi, nikatoa hiki kwenye kifundo cha kidole. Anasema alijikata kwa panga na huo ni mfupa wake. Mimi siamini. Nitazamie."

Dokta Wema akakishika kwa koleo ndogo, akakisuuza bombani, akakiinua kwenye taa. Hakuhitaji muda.

"Si mfupa. Ni kipande cha jino. La mbele, la juu. La mtu mzima anayetumia tumbaku."

"Nilijua! Huyu alimpiga mtu mdomoni. Angesema tangu wiki ya kwanza, dawa ingekuwa nyingine kabisa. Sasa vidole viwili sijui kama nitaviokoa."

Mimi sikutikisa kichwa. Nilikuwa nimekatazwa. Jasho lilinitoka kwapani mpaka kiunoni.

"Daktari, nimeshakwambia ni panga," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa Mwita. Amekonda nusu ya mwili wake. Mkono wa kulia umezungushiwa bandeji, anaubeba kwa mkono wa kushoto kama mtoto mchanga. Kumbe alidanganya kama mimi. Waongo wawili tumegawana jino moja, kila mtu anaugua kipande chake.

Aliniona kwanza mimi. Akataka kugeuka. Kisha akamwona Mama Asteria, na adabu ikamshinda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwita! Pole, umeumia nini? Mnada wote unakuulizia."

"Ni panga tu. Wewe unafanya nini hapa?"

"Nalipia meno ya Baba Nelly. Hukusikia? Fahali wangu alimpiga teke."

Mwita akatazama zile noti mezani. Akatazama kanga ya mjane iliyofunguliwa pindo. Halafu akanitazama mimi, na sijapata kutazamwa hivyo hata na ng'ombe anayekwenda machinjioni.

"Fahali?" akauliza. "Yule mweusi?"

"Yule yule."

Nikamwomba kwa macho. Nilijua naye anaogopa. Dokta Abel alikuwa ameshaanza kumwambia kwamba kama ni ngumi lazima iletwe PF3, ile fomu ya polisi, na Mwita akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Nikaona anapima: vidole vyake, polisi, mjane. Mtu wa Tarime, anayesema bei kwa sauti ya kusikika vijiji vitatu, akakosa sauti.

"Mama," hatimaye akasema taratibu, "siku ile mimi nilimtajia yule fahali laki tisa."

"Laki ngapi?"

"Tisa. Mara mbili. Muulize huyo kama hakunisikia."

Ungedhani mjane atapiga kelele. Hakupiga. Mama Asteria aliinuka kwenye benchi, akaja mpaka mezani. Akatazama kibakuli. Akatazama bandeji ya Mwita. Akainama, akaniangalia mdomo uliojaa ule uji wa waridi, kwa utulivu, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mwandiko mbaya.

Kisha akaweka kiganja juu ya noti zake, zote.

"Daktari," akasema, "muda umebaki kiasi gani?"

"Nusu dakika, mama."

"Nasubiri. Toa hicho kitu, anijibu kwa mdomo wake."

Nusu dakika ile, ndugu msomaji, nilitunga majibu sita. Kila moja lilikuwa la uongo, na kila moja lilikuwa na herufi nisiyoweza kuitamka.

Dokta Wema akatazama saa. Akashika mpini, akavuta. Kipimo kikatoka na sauti ya mguu unaochomoka topeni, mdomo ukabaki wazi, na watu wanne wakaukodolea macho wakingoja kitakachotoka.